Risasi ya Kwenye Uji

"Mpini ulikuwa umelegea, dada. Niliichukua nikaukaze."

"Mpini? Sufuria ina mpini? Tangu lini umeanza kutengeneza majembe?"

"Masikio basi. Nilitaka kusema masikio."

"Masikio utayatafuta wewe nikishakung'oa yako! Nimekuuliza, iko wapi sufuria ya mwanangu?"

Fundi akainama, akajifanya anachochea moto ambao ulikuwa unawaka wenyewe bila kuombwa. Banda lake lilikuwa mabati pande tatu, upande wa nne upepo. Katikati shimo la moto, pembeni feni ya kupulizia makaa ikikohoa kama mzee mvuta kiko, na kila mahali ule udongo mweusi wa kalibu, wa kumiminia sufuria zipate umbo, laini kama unga, unaoingia hadi kwenye kope. Ukutani sufuria zilipangwa moja ndani ya nyingine, ile ya chini kabisa ukiingia unaoga. Joto la humo ndani lingemfanya shetani mwenyewe aombe maji ya kunywa. Dada mtu hata tone la jasho hakutoa. Hasira ilikuwa imelikausha lote.

Wawili hawa ni wa tumbo moja, titi moja, kitanda kimoja hadi walipoanza kugombea shuka. Dada alikuwa msusi, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Msusi, hata mumewe alimwita Msusi, mpaka siku moja alipoulizwa jina lake halisi mahali fulani ikabidi akae chini kidogo alitafute. Vidole vyake vilikuwa na mbio za ajabu. Mwanamke alikuwa anakaa barazani na kichwa kama kichaka, kabla hajamaliza kusimulia alivyotukanwa na wifi yake, tayari ana mistari mpaka kisogoni. Kuna mara nzi alitua kichwani kwa mteja akasukwa humo humo, akatoka nywele zilipofumuliwa, amenenepa. Mwenye kubisha abishe, huyo nzi aliruka mbele za watu.

Mdogo wake naye, huyu fundi, aliitwa Nzito. Jina hilo alilipata kwa mdomo wa dada yake.

Nzito alipojifunza kuyeyusha vyuma chakavu na kumimina sufuria, hakuna aliyezitaka. Watu walikuwa wananunua za dukani, zile zinazong'aa. Alikuwa anazibeba kichwani asubuhi na kurudi nazo zote jioni, moja imezidi kwa kuwa kuna mtu kamrudishia. Dada yake akamwonea huruma. Alikuwa amemlea yule, amemwachia minofu akala mifupa, amepigwa kwa makosa yake na kusema ni ya kwake. Akachukua sufuria tatu akaziweka barazani anaposukia. Na msusi, mjue, akishakushika kichwa huna pa kwenda. Utasikia anachotaka usikie.

"Shika hiyo uone," alikuwa anamwambia mteja, anamwekea sufuria mapajani huku anamvuta nywele. "Nzito au si nzito?"

"Nzito, Msusi. Niachie, unaniumiza."

"Za dukani unazikunja kama karatasi. Uji unaungua chini, juu bado maji. Hii ya mdogo wangu utamrithisha mjukuu. Igonge. Umesikia? Nzito?"

"Nzito! Nitanunua, niachie sikio!"

Hivyo hivyo, kichwa baada ya kichwa, mpaka mtaa mzima ukawa unapikia sufuria za Nzito. Wanawake wakazoea. Mtu anaingia bandani, anaipima sufuria mkononi, anaigonga kwa kifundo cha kidole, anatikisa kichwa kukubali. Nyepesi anairudisha. Hakuna aliyewahi kuuliza uzito huo umetoka wapi. Mtu akiuziwa mtoto wa mbuzi mnene, anauliza kala nini?

Msusi naye akajaliwa binti, mtoto wake wa pekee baada ya kungoja hadi watu walikuwa wameacha kumuuliza. Alizaliwa mnene huyo! Mapaja yalikuwa na mikunjo mingi hata ukimwogesha unaweza kusahau sabuni humo ukaikuta kesho yake. Mjomba wake, Nzito, akamcheka akamwita Bonge, na jina likashika. Halafu akamfanyia jambo ambalo Msusi alilisimulia barazani mpaka watu wakalikariri: akammiminia sufuria yake mwenyewe, ndogo, ukubwa wa kofia, ya kupikia uji wa mtoto. Nzito kuliko zote. Ukiiangusha ardhini ilikuwa inachimba shimo.

Uji wa Bonge ulipikwa humo tangu siku ya kwanza aliyofungua kinywa kwa chakula. Kwa kuwa mtoto alipenda ukali kidogo, Msusi alikamulia ndimu humo humo, na uliobaki aliuacha sufuriani mpaka jioni uzidi kuchachuka.

Bonge akanenepa, akakaa, akatambaa, akasimama. Halafu kama mtu aliyefika kituoni akashuka, kimo chake kikasimama hapo. Nguo za mwaka huu alizivaa mwaka uliofuata, na uliofuata tena, mpaka zikachakaa bila kumbana. Watoto waliozaliwa nyuma yake walimpita, wakaanza kumbeba. Maneno aliyokuwa nayo yakaanza kuchelewa. Ukimwambia "kalete kikombe," anatoka vizuri, anafika mlangoni, anasimama hapo anaangalia mikono yake kama kuna mtu kamwibia kitu. Tumbo linamsokota. Hasira za ghafla, anajipiga kichwa ukutani. Shuleni mwalimu alimrudisha, akasema mwakani labda. Na mwakani akasema vivyo hivyo.

Msusi alihangaika. Alimlaumu mama mkwe, ambaye alikuwa mfupi, na alipoona mume wake anakaribia kugonga dari akamwacha mama mkwe. Akampa mtoto dawa za minyoo mpaka minyoo ya nyumba ya jirani ikahama. Na kila alipoona mbavu za mwanawe zinahesabika, alifanya alichojua kufanya: aliongeza uji. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Kwenye sufuria ile ile.

Mwishowe akampeleka kliniki. Wakamtoa mtoto damu, wakaipeleka mbali kupimwa, na majibu yaliporudi nesi alimwita Msusi kwenye korido iliyojaa watu. Nesi huyo alikuwa mama mnene, miwani imefungwa na uzi, sauti ya kuuzia samaki.

"Mama Bonge! Majibu ni haya. Mtoto ana risasi kwenye damu. Nyingi."

"Risasi?"

"Risasi."

Msusi alimvua mtoto nguo palepale mbele ya foleni, akaanza kumkagua. Mgongo, tumbo, kwapani, nyuma ya masikio, katikati ya mistari ya nywele. Hakuna tundu. "Imeingilia wapi?" akauliza.

"Mdomoni, naona," alisema nesi. "Kwa watoto mara nyingi huwa ni mdomoni."

Basi hapo korido ikawa haikaliki. Mgonjwa aliyeletwa kwa machela alishuka mwenyewe akakimbia. Wengine waliingia chini ya benchi. Na kabla nesi hajapata nafasi ya kusema neno, ukelele ukapigwa kwamba kuna mama anajifungua kwenye ngazi, naye akatimka huku anapaza sauti: "Kesho asubuhi urudi! Uje na vyombo vyote unavyompikia! Vyote!"

Msusi alirudi nyumbani akijiuliza vyombo vinahusiana vipi na risasi. Labda wanataka kuona kama vina matundu.

Jioni hiyo uwanja wa nyumba ulijaa. Mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye hata pancha alikuwa anaiomba radhi kabla ya kuiziba, alichukua pampu ya baiskeli akaenda kumkabili mlinzi wa ghala, kwa kuwa ndiye pekee mtaani mwenye bunduki.

"Umempiga mwanangu lini?"

"Shemeji, bunduki hii mke wangu anaanikia soksi. Ukiivuta inatoka buibui."

"Mwanangu ana risasi kwenye damu!"

"Ilipigwa saa ngapi? Nani kaisikia?"

Kila aliyefika aliuliza hivyo hivyo. Nani kapiga? Lini? Mlio ulitokea upande gani? Jirani mmoja alisema aliusikia mlio wiki iliyopita, mwingine akasema hiyo ilikuwa tairi. Mama yao Msusi na Nzito, ambaye alikaa kwa Msusi chumba cha nyuma, alikuwa amempakata Bonge na hakusema kitu, jambo ambalo kwa bibi yule halikuwa la kawaida. Yule alikuwa anaongea hata akiwa anapiga mswaki.

Nzito akapita, kama alivyopita jioni nyingi kuwasalimia. Wakampa maji ya kunywa, wakamweleza. Akashusha kikombe polepole.

Hakuuliza nani. Hakuuliza lini. Hakuuliza mlio.

"Uji wake," alisema, "bado unaupikia kwenye ile ndogo?"

"Ile ile," alisema Msusi. "Kwa nini?"

"Hapana. Nimeuliza tu." Akaondoka, maji kayaacha.

Msusi alidhani ni uchungu wa mjomba. Asubuhi alipokusanya vyombo vya kupeleka kliniki, ile ndogo hakuiona. "Mdogo wako kaipitia alfajiri," mama yake alimwambia, anafagia bila kuinua uso. "Anaitengeneza."

Akaenda na zilizobaki, Bonge mgongoni. Nesi alizipanga mezani, akainua moja baada ya nyingine, akaguna.

"Mama, jana nilikutisha bure, au tuseme nilikutisha vibaya. Siyo risasi ya bunduki. Risasi ni madini. Yale mazito ya kwenye betri za magari, na yale ya kuungia rejeta za kupozea injini. Jina ni moja, ndilo lililotuponza." Akamweleza polepole, kwa kuwa alimwona hataki kukaa. Kwamba vyuma chakavu vikiyeyushwa pamoja, risasi inabaki ndani ya sufuria. Kwamba chakula kichachu kinaitoa kidogo kidogo kila siku. Kwamba mtu mzima inamdhuru, lakini mtoto mwili wake bado unajengeka, unaichukua kama ni kitu kizuri, unaiweka mifupani, unaipeleka kichwani. "Inakaa pale palipotakiwa kukaa urefu wake na akili zake. Niambie, anakula nini zaidi?"

"Uji."

"Wa nini?"

"Wa ndimu."

Nesi akavua miwani. "Sufuria ya uji ni ipi hapa?"

"Haipo. Iko kwa fundi. Mdogo wangu." Na neno hilo lilipomtoka ndipo swali la jana lilipomrudia, lile ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza. Watu wote walitafuta bunduki. Mmoja tu alitafuta sufuria.

Akashika ukingo wa meza. "Atakua?" akauliza.

"Tukiziba inakoingilia, damuni itapungua. Mpe maziwa, mpe mboga za majani, maharage, mayai ukipata. Mwili utajitahidi. Lakini ya kichwani, mama, sitakudanganya. Kilichokwenda na maji sijui kama kinarudi." Kisha nesi akasogeza kiti karibu. "Na huyo fundi nataka umlete. Mtaa wenu mzima unapikia hizi, si ndiyo? Kuna watoto wengine huko. Mimi nikisema watu watasema nawachukia mafundi. Wewe ukisema, watasema umegombana na ndugu yako. Yeye mwenyewe akisimama akasema, zitatupwa siku hiyo hiyo."

Msusi alimwacha Bonge nyumbani, mikononi mwa bibi yake, bila kuingia ndani, akanyoosha njia hadi bandani. Na hapo ndipo mpini na masikio vilipoanza.

"Basi nitakuuliza kitu kingine," alisema sasa, amesogea hadi moto ukamwangazia kidevu. "Jana kila mtu aliuliza nani kapiga. Wewe mbona hukuuliza?"

Nzito alishika upawa wake mrefu wa kumiminia, akauachia. Akanyoosha kidole kwenye rafu ndogo nyuma ya mlango. Palikuwa na sufuria nne ndogo, ukubwa wa kofia, mpya kabisa.

"Nimeiyeyusha," alisema.

"Umeiyeyusha."

"Asubuhi. Niliichanganya na vyuma vingine."

Msusi akaenda akaziwekea kiganja. Bado zilikuwa na joto, kama mikate. "Kwa hiyo ile ya mwanangu sasa imezaa. Imekuwa nne. Za watoto wa nani hizi?"

"Dada, sikujua kama ingefika huku."

"Ulijua."

"Sikujua sana."

"Kujua kuna sana na kidogo? Kuna kujua kwa kikombe na kujua kwa ndoo? Ulijua au hukujua?"

Nzito akakaa juu ya bloku ya injini iliyokuwa inangoja kuvunjwa. Usoni alikuwa mweusi kwa udongo wa kalibu, macho tu ndiyo yaliyobaki ya mtu. "Fundi aliyenifundisha alinikataza. Alisema rejeta zitenge, vichwa vya betri usiviguse, maana vitu vichachu vinailamba sufuria na watoto wanaulamba uji. Nilijaribu mwanzoni. Ukitenga kila kitu, mzigo mzima wa vyuma unakupa sufuria mbili. Na zinatoka nyepesi. Nani alizitaka nyepesi? Wewe si ndiye uliyekuwa unawawekea watu mapajani, shika uone, nzito au si nzito?"

"Unanirudishia mimi?"

"Nasema ukweli tu."

"Nilidhani ni uzito wa kazi yako!" Sauti ya Msusi ilipanda hadi bati likaitikia. "Nilidhani mdogo wangu hadhulumu, ndiyo maana vyombo vyake vizito! Nimewavuta watu nywele kwa ajili yako. Nimewasukia bure wanawake ili wapite hapa kwako. Kuna mjamzito nilimwambia, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia usinunue ya dukani itakuaibisha." Akazitazama tena zile nne. "Wanao wanapikiwa kwenye nini?"

Feni ikakohoa.

"Nimekuuliza, wanao."

"Mke wangu ana zile za harusi. Za bati."

"Za harusi. Miaka yote hiyo za harusi. Na mimi nawatazama watoto wako wanavyochomoka, wanagonga vizingiti, wanahesabu mpaka nyota, najisemea wamemfuata shangazi yao." Akacheka, kicheko kibaya, kama kitu kinachopasuka. "Wamemfuata shangazi! Kumbe wamefuata bati."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Alipoanza kudumaa."

"Alipoanza kudumaa ulimletea pipi."

Na ni kweli, alimletea pipi.

Msusi akajifunga khanga upya kiunoni, kama mtu anayetaka kuinua kitu. "Sikiliza. Sikuja kukulilia. Utanyanyuka hapo, utanawa uso, tunakwenda kliniki wewe na mimi. Utamwambia nesi unachanganya nini. Tukitoka hapo unakuja barazani kwangu, wanawake wamejaa leo, unasimama mbele yao unasema kwa mdomo wako: zitupeni. Wewe. Siyo mimi. Mimi mdomo wangu umeshakwisha kazi."

"Watanichomea banda."

"Nitasimama mlangoni, waanze na mimi."

"Na mimi nitakula nini? Wanangu watakula nini?"

"Utamimina nyepesi. Utamimina mbili kwa siku. Utamimina vifuniko. Utasuka nywele, nitakufundisha! Wana wa watu wanakunywa risasi, wewe unaniuliza utakula nini?"

"Dada, siwezi."

"Unaweza."

"Siwezi kusimama mbele ya watu wote wale."

Kulikuwa na dawa moja ambayo tangu utotoni haijawahi kushindwa na ugonjwa wa ndugu yake huyu. Alipokataa kutahiriwa ilimtibu. Alipokataa kuomba radhi kwa baba mkwe wake ilimtibu. Hata alipokuwa kijana na ndevu zake, kikundi cha watu sita kikishindwa kumwondoa ulevini, dawa hiyo ilikuwa inaingia kwa mguu mmoja na Nzito anatoka ameinamisha kichwa.

"Sawa," alisema Msusi. "Basi namwita mama."

Nzito akainua uso.

"Namwita. Atakuja na ile fimbo yake, atakushika sikio mbele ya wateja wako, na utakwenda kliniki unachechemea. Unamjua. Bonge ni roho yake. Akisikia kuwa ulijua, wewe si mwanawe tena, atakuzika ukiwa hai na matanga ataweka."

Alitegemea aogope. Badala yake Nzito alicheka kidogo, puani, bila furaha.

"Unacheka nini?"

"Sicheki."

"Umecheka. Unacheka nini nikimtaja mama?"

"Dada, mama supu yake anaipikia kwenye nini?"

"Kwenye kile kisufuria chake cha enameli alichokuja nacho. Ana ugonjwa wa kifundo cha mkono, hawezi kunyanyua nzito. Kwani hujui?"

"Nani kakwambia mkono unamuuma?"

"Yeye."

"Juzi kabeba nini kutoka sokoni?"

Msusi alifungua mdomo. Juzi mama yake alikuwa ameingia uwanjani na gunia la mkaa, anaimba.

"Nilimwambia tangu ule mwaka nilipoanza kuchanganya," alisema Nzito, sauti ya chini, anaongea na udongo uliokuwa miguuni pake. "Nilimwambia, mama, zangu usipikie kitu cha ndimu. Akaniuliza, na dada yako? Nikamwambia yeye ndiye anayeniletea wateja. Akijua, mdomo wake utasita, na mteja anasikia mdomo ukisita. Tukakubaliana anyamaze kidogo, mpaka nisimame."

"Mpaka usimame."

"Nilisimama. Halafu ikawa ngumu kusema."

"Muongo wewe. Mama hawezi. Unamtupia mama ili ujiokoe."

"Hakukwambia umpe mtoto maziwa? Kila siku hakukwambia, huyu mtoto mpe maziwa, uji unamchosha?"

Alimwambia. Wakagombana hata. Msusi alisema maziwa ghali na bibi anamdekeza mtoto.

"Hakumwaga uji? Mara ngapi umerudi ukakuta kaumwaga, anasema umechacha?"

"Uji wenyewe ni wa kuchacha," alisema Msusi, na sauti yake haikuwa yake tena. "Nilimwambia, mama, ndivyo anavyoupenda. Nikamwambia unaniharibia unga." Mikono yake, ile mikono isiyojua kukaa, ilikuwa imening'inia tu. "Kwa hiyo nisipokuwepo alikuwa anaumwaga."

"Ndiyo."

"Na nikiwepo?"

Nzito akageukia moto.

"Nimekuuliza. Nikiwepo, nikimnywesha mtoto mbele yake, kijiko baada ya kijiko, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaangalia pembeni, dada."

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yetu. Alisema akinitaja watu watanila, na akinyamaza labda mtoto atapona mwenyewe."

"Labda," alisema Msusi. "Labda! Mama yangu amekaa kwenye nyumba yangu, kwenye godoro langu, anamwimbia mwanangu, na moyoni ana labda? Mama huyu huyu niliyetaka kumwita hapa ili—"

"Jamani, ni nani kaacha baiskeli njiani kama nyoka? Nusura nivunjike nyonga!"

Mama yao aliingia bandani akihema, khanga imemteleza begani, amembeba Bonge mgongoni. Mtoto wa kwenda miaka sita, na bibi alimbeba kama anabeba mto wa kulalia, hata mkono wa kumshikilia hakuuweka.

"Huyu kakulilia tangu umwache," alisema, anamgeuza mjukuu aonekane. "Nikasema wacha nimlete kwa mama yake." Akamtazama binti yake, akamtazama mwanawe, akaiona rafu nyuma ya mlango na zile sufuria nne ndogo. "Kulikoni? Mbona mmenyamaza?"